Bwawa la Nyumba Tatu

Odile mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: vitambulisho uviweke wapi, usile nini njiani, umpigie nani simu ukifika Kolwezi. Mimi siongezi kitu hapo. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba, na kila nikipita naligonga kwa mguu. Wewe umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, mama yako yuko sokoni anakutafutia samaki wakavu wa kubeba, na meza ni yangu peke yangu mchana huu.

Naandika kwa Kiswahili cha kanisani, kile walichotufundisha utotoni, maana chetu cha nyumbani nikikiona kwenye karatasi nacheka, na leo sitaki kucheka.

Juzi mama yako aliniambia neno ulilomwambia mkiwa jikoni. Kwamba nusura uikatae kazi hii. Kwamba shule ni nzuri na masista ni wema, lakini darasa walilokupa ni la watoto wadogo kabisa, na wewe unaogopa kuachwa peke yako na watoto wadogo. Alipokuuliza kwa nini, ulimjibu tu, "Mama, unajua." Kisha ukaendelea kuchambua majani ya sombe.

Yeye anajua, na mimi najua. Lakini mama yako siku ile alikuwa Kakontwe kwa kaka yake, hakuona. Mimi niliona. Na wewe uliona kwa macho ya mtoto wa darasa la sita, ambaye kuna mambo hakuweza kuyaona hata kama yalikuwa mbele yake. Kwa hiyo nataka nikueleze habari za bwawa letu tangu mwanzo, jinsi nilivyozipitia mimi, uende nazo.

Wewe ulizaliwa kando ya bwawa lile, labda hujawahi kujiuliza lilitoka wapi. Nyumba yote hii ilijengwa kwa ajili ya mkubwa mmoja wa kampuni, zamani, na bwawa lilikuwa la kufurahisha macho ya wageni wake. Baadaye nyumba ikafika mikononi mwa mume wa Kambo Astrida, bibi yenu wote watoto wa uani, na mume huyo alipofariki, Kambo akaigawa: sisi mbele, yeye katikati, Mama Merveille na mume wake nyuma. Bwawa likabaki uani, katikati ya milango mitatu, likawa la wote. Ukingo wake ulikuwa chini, mtu mzima anaweza kukaa na kuosha miguu. Upande wa kwetu maji yalifika magotini, upande wa pili yalifika kifuani. Humo walikuwamo wale samaki wekundu na weupe, na yule mmoja mkubwa mwenye doa jeusi kichwani ambaye Kambo alimwita jina la marehemu mume wake.

Kitu cha wote kina taabu yake. Kila mtu alilipenda bwawa kwa namna yake, na kila mtu alilichafua kwa namna yake. Kambo alilisha samaki asubuhi, mchana na jioni, mikate, ugali wa bukari uliobaki, hata maandazi, kwa sababu walimjia wakiwa wamefungua vinywa na yeye hakuweza kuwanyima. Mama Merveille alifulia nguo chini ya bomba, na maji yake ya sabuni yalitiririka moja kwa moja hadi kwenye bwawa. Mume wake alinunua mawe ya madini kwa wachimbaji wa Kakanda, na magunia yake yenye vumbi yalikung'utwa pale pale uani. Na mimi? Mimi nilikuwa fundi wa pampu. Kiwandani nilizizoea pampu kubwa kama jiko letu. Niliamini kwamba maji yakisukumwa kwa nguvu yatakuwa safi. Nilifunga pampu iliyopiga maji kwa kasi kwenye lile sanduku la saruji lililozama nusu ardhini kando ya bwawa, lenye kokoto za kuchuja, nayo yalipita juu ya kokoto kama mtu anayekimbia mvua. Haikuchuja chochote. Ilipiga kelele tu, na mimi niliipenda kelele ile.

Mwani ulianza pembeni, nyuzi laini za kijani kwenye saruji. Halafu maji yenyewe yakageuka. Mwanzoni mwa kiangazi yalikuwa mazito hata samaki hawakuonekana mpaka wapande juu. Kambo alisema, "Hii haiko mayi tena, iko sombe."

Nilimwomba rafiki yangu mmoja anipatie mawe ya bluu, ile chumvi ya shaba. Watu walisema inaua mwani upesi, na ni kweli, inaua. Nilitia kwa kukadiria kwa mkono, mimi ambaye kazini siwezi kufunga hata skrubu bila kupima. Kesho yake mwani ulikuwa umekufa wote, nikatembea uani kama mtu aliyeshinda kesi. Keshokutwa yake ule mwani uliokufa ukaanza kuoza humo humo majini, ukala hewa yote ya maji, na samaki wakapanda juu wakitweta, na shaba yenyewe ilikuwa imekwisha kuwachoma. Tuliwatoa kwa ndoo waliokwisha kugeuka matumbo juu. Kambo aliwazika nyuma ya jiko lake, hakunisemesha kwa muda mrefu. Baada ya wiki chache maji yakarudi kuwa ya kijani kuliko kwanza, maana uozo ule ulikuwa chakula cha mwani mpya.

Hapo ndipo tulipaswa kukaa pamoja, watu wazima wa nyumba tatu, na kuulizana kila mmoja anatia nini katika yale maji. Badala yake tulinyosheana vidole. Mama Merveille alisema ni sumu yangu. Mimi nilisema ni sabuni yake. Mume wake alisema ni bukari ya Kambo. Kambo alisema zamani, wakati wa mume wake, hapakuwa na fujo kama hii, na hilo lilituumiza wote kwa sababu lilikuwa kweli. Maneno yakawa makali, yakaingia kwenye dini. Mimi nikamwambia Mama Merveille kanisa lao kelele tupu, yeye akasema sisi tunasali kwa sanamu. Salamu zikakoma. Unakumbuka kwamba ulikuwa unawasalimu wewe kwa niaba yetu sote.

Na pampu ilikuwa inakula umeme wa nyumba yangu. Siku moja nikaichomoa. Nilimwambia mama yako kwamba anayetaka maji mazuri alete umeme wake. Mama yako alinitazama tu, akasema bwawa halijui ni umeme wa nani. Sikumsikia. Sanduku la chujio likakauka, kokoto zikawa nyeupe kwa ukavu, na bwawa likabaki limesimama, zito, bila kusogea.

Sasa nafika siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Mama Merveille alikuwa na maombi kanisani kwake, akakuita wewe umwangalie Merveille, ambaye alikuwa amejua kutembea juzijuzi tu na alikuwa anakupenda kuliko watu wote wa uani. Hata baada ya ugomvi wetu aliendelea kukuachia mtoto. Fikiri jambo hilo. Alinichukia mimi, lakini wewe alikuamini.

Mimi nilikuwa nimeamua kuing'oa pampu kabisa. Nilikuwa nimesogeza bati linalofunika sanduku la chujio, nimefungua mabomba upande ule, halafu nikavuta bomba refu hadi nyuma ya ukuta wetu ili nilikate. Bomba lilikuwa linaruka chini ya msumeno. Nilikuita uje unishikie. Ulijibu kwamba uko na mtoto. Nikasema kwa sauti ile unayoijua, "Kuya. Sasa."

Ukaja. Ulinishikia bomba, na ulikuwa unageuza shingo kila mara kutazama uani, mpaka nikakugombeza kwamba unatikisa. Ndiyo, uligeuka ukaacha kumtazama mtoto. Sitakuambia hukumwacha, kwa sababu wewe si mjinga na ungejua nakudanganya. Lakini ulimwacha kwa sababu baba yako alikuita mara mbili.

Uliporudi uani nilisikia ukiita jina lake, kwanza kwa kucheza, halafu si kwa kucheza. Nilitoka na msumeno mkononi. Geti lilikuwa limefungwa. Ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kwao na kutoka, nyumbani kwa Kambo na kutoka. Na pale ukingoni mwa bwawa, upande wa maji mengi, kulikuwa na ndala yake moja.

Odile, nimefanya kazi kando ya mitambo inayoweza kumkata mtu vipande viwili, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndala ile.

Nilitazama majini sikuona kitu. Elewa vizuri: si kwamba niliona hayupo. Sikuona kitu. Maji yalikuwa ukuta wa kijani. Nilitia mkono, ukapotea kabla ya kufika kwenye kiwiko. Kama angekuwa amelala chini hatua moja kutoka nilipo nisingejua. Niliruka ndani na viatu vyangu. Nilipapasa kwa miguu na mikono, na kila kitu mle kilikuwa laini na chenye utelezi, na samaki walikuwa wananigonga mapajani, na kila walipogonga nilizama kukamata, nikakamata maji. Mwani ulinizunguka vidoleni kama nywele. Mpaka leo siwezi kuosha nywele za mtoto bila kukumbuka.

Mama Merveille aliingia getini wakati huo. Sijui nani alimwita, labda mayowe ya Kambo yalifika barabarani. Alitazama ndala, akanitazama mimi ndani ya maji, akaingia na nguo zake nzuri za maombi. Tulipapasa kila mtu upande wake, tukapishana, tukarudia mahali pale pale bila kujua, kwa sababu hakuna aliyeweza kuona wapi amekwisha kupita. Kambo akiwa amesimama ukingoni na fimbo yake ndiye aliyetupa akili. Alituambia tushikane mikono tutembee pamoja, mstari mmoja, kutoka mwisho hadi mwisho, tusiache nafasi.

Basi mimi na yule mama ambaye sikuwa nimempa salamu tangu katikati ya kiangazi, tulishikana mikono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na ulinibana hadi mifupa ikaniuma. Tulitembea polepole tukiburuza miguu kwenye tope. Nilimsikia anasali kwa pumzi, jina la mtoto na jina la Yesu yakifuatana. Na mimi nikasali Salamu Maria, na hakuna kati yetu aliyemcheka mwenziwe.

Wewe ulikuwa umesimama kando ya sanduku la chujio, umeganda. Hukulia, hukusogea. Mama Merveille alikuona. Ndipo alipolisema, kwa sauti ndogo tu, na nadhani ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Ni weye, Odile. Weye njo umeniulia mutoto."

Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote duniani wakati ule. Nilipaswa kusema: si yeye, ni mimi niliyemwita. Maneno machache tu. Niliyajua, yalikuwa mdomoni. Sikuyasema. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini, na jibu ninalolipata silipendi: kwa nukta ile moja nilipumua, kwa sababu jina lililotajwa halikuwa langu.

Wewe ulinyosha tu mkono ukaonyesha chini, kwenye ule upenyo wa bati nililokuwa nimelisogeza. Hatukuelewa. Kambo ndiye aliyesogea akainama, akasukuma bati kwa fimbo.

Merveille alikuwa ameketi ndani ya sanduku la chujio, juu ya kokoto kavu, viganja vyote viwili vimejaa vijiwe. Alikuwa ametutazama kwa kimya muda wote ule, ameogopa kelele zetu. Wewe ulikuwa umesikia vijiwe vinagongana. Wewe ndiye uliyempata, Odile. Sisi tulikuwa tunatafuta mahali tulipojua kwamba tuna hatia, wewe ulikuwa umesikiliza.

Watu wa kanisa lao walisema ni muujiza, na mtoto tayari alikuwa na jina lake, Merveille, yaani ajabu. Mtu mmoja wa kwetu aliniambia kwamba hasira yangu ndiyo iliyomwokoa, kwa maana kama pampu ingekuwa inafanya kazi sanduku lingejaa maji. Nilimwambia asirudie neno hilo mbele yangu. Kama pampu ingefanya kazi inavyopaswa, sanduku lingekuwa limefunikwa, maji yangekuwa meupe, na tungeangalia mara moja tu na kujua. Mungu akimficha mtoto ndani ya upumbavu wako, usiuite upumbavu ule hekima.

Mama Merveille alimchukua mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango. Usiku mume wake akarudi kutoka Kakanda. Kesho yake alinijia kwa adabu, na adabu yake ilinitisha kuliko matusi. Aliniambia ataleta mawe ya Kakontwe, lori zima, alizibe bwawa. Mimi mwenyewe nilitaka lizibwe. Lakini Kambo alikuwa ameketi mlangoni kwake, akasikia.

"Mukitia majiwe," alisema, "munitie na minye."

Yaani tumfukie naye humo. Aliendelea kuketi. Mawe yakaja, yakamwagwa karibu na geti, kila mtu akingoja nani atabeba jiwe la kwanza. Ni Mama Merveille aliyekuja, siku ya tatu au ya nne, na sahani nyeupe ya bati. Aliitupa katikati ya bwawa, ikazama, ikapotea mara moja.

"Siku minye nitasimama hapa na nitaona hii sahani kule chini, tutaongea," aliniambia. "Kama mvula inafika na siioni, njo majiwe."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri. Unakumbuka joto la wiki zile. Hukumbuki bwawa kwa sababu hukulikaribia. Ulipita kando ya ukuta, ulikula ndani, ulikwenda shule na kurudi ukiinamisha kichwa. Nilikuona. Nilijiambia nitasema nawe kazi ya bwawa ikiisha. Hilo lilikuwa kosa jingine. Mtu hapaswi kutengeneza maji kwanza na mtoto baadaye.

Tulianza na vile tulivyokuwa tunatia. Kambo alikubali kulisha mara moja kwa siku, kidogo, kile ambacho samaki wangemaliza wakati bado amesimama. Ilimuuma, alikuwa akigeuza uso wasimwone. Mume wa Mama Merveille alichimba mfereji, maji ya sabuni yakageuzwa kwenda kwenye migomba. Magunia yakahamia nje ya geti. Mimi nilinyamaza, nikavuta mwani kwa reki, kila asubuhi kabla ya kazi, nikiurundika mbali usioze majini. Tulitandika mkeka juu ya upande mmoja kupunguza jua, na mama yako akaleta yale majani yanayoelea, ambayo mizizi yake hunywa uchafu ule ule ambao mwani huutaka.

Halafu chujio. Nilipunguza nguvu ya pampu mpaka maji yakawa yanaingia kwenye sanduku taratibu, kwanza mahali pa kutuama ili tope lizame, kisha kwenye nyavu za zamani zilizokunjwa, kisha kwenye kokoto, ndipo yarudi. Nilichukia ukimya wake. Kila nilipopita nilidhani imekufa.

Maji yakaanza kufunguka. Asubuhi moja niliona vidole vya miguu yangu. Na nilipoona hivyo nikafurahi, na furaha ikanifanya mjinga tena. Kokoto zilikuwa zimeshika utando wa rangi ya udongo, nikaona ni uchafu. Nikazitoa zote, nikazisugua chini ya bomba la mjini, lenye ile dawa inayonuka, mpaka zikang'aa kama meno. Nikazirudisha nikajisifu kwa mama yako.

Siku chache baadaye maji yakarudi kuwa mazito. Utando ule ulikuwa hai. Ndio uliokuwa unafanya kazi, vidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki, na mimi nilikuwa nimeviua kwa usafi wangu. Mama Merveille alikuja ukingoni, akatazama, akaniuliza kwa utulivu kama nilikuwa nafanya kusudi. Radi ilikuwa inanguruma upande wa Kambove. Nilitaka kumwambia ni bahati mbaya, ni joto, ni umeme unaokatika. Nikasema, "Niliharibu minye. Nilifikiri ni uchafu, kumbe njo dawa."

Nilingoja aniambie mawe. Badala yake akavua kanga ya juu, akainama, akaanza kuvuta mwani kwa mikono. Tokea hapo, kokoto tulizisuuza nusu nusu tu, na kwa maji ya bwawa lenyewe.

Mvua ilikuwa inachelewa, na kila siku iliyochelewa ilikuwa kama pumzi tuliyoongezewa. Umeme ulikatika mara nyingi. Pampu ikisimama muda mrefu, maji yaliyobaki ndani ya sanduku yalinuka, ikabidi yale ya kwanza yamwagwe kabla hayajarudi kwa samaki. Mume wa Mama Merveille alijifunza kufanya hivyo nikiwa kazini. Nilimkuta siku moja ameinama juu ya sanduku langu, amekunja suruali, anaonja harufu kwa pua kama anayepima mchuzi. Tulisalimiana.

Asubuhi ya siku ambayo mvua ilinyesha, sahani ilionekana. Haikuwa wazi sana, ilikuwa duara hafifu chini ya maji. Mama Merveille alisimama pale pale aliposimama siku ya kuitupa. Alitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeiona. Kisha akamwita mume wake, akamwambia mawe yale ayajengee ukuta wa kuzunguka bwawa, wa kufika kifuani kwa mtoto. Ndio ukuta ulioko mpaka leo.

Bwawa lilipona, wewe hukupona. Miaka yote hii nimekuona ukihesabu watoto wa watu wengine kanisani, barabarani, kwenye harusi. Ukiwa na mtoto mdogo karibu mabega yako hupanda. Na sisi wazazi tulikuita mwangalifu, tukakusifu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuuliza.

Kwa hiyo sikiliza. Sisi watu wazima wa nyumba tatu tulikuwa na kiangazi kizima cha kuyatazama maji yale yakigeuka, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutofanya kitu. Wewe ulikuwa na muda wa kushika bomba. Ukiyapima mambo haya mawili usiyaweke kwenye mizani moja. Hofu yako si ushahidi kwamba hufai kuachiwa watoto. Mimi ambaye sikuogopa siku ile asubuhi ndiye niliyeacha bati wazi. Nenda na hofu yako darasani kama ilivyo. Wala usisubiri iishe ndipo uingie. Na ukiona mwenzako mdogo anatupiwa lawama ambayo unajua si yake yote, fungua mdomo wakati ule ule, hata kama umesimama ndani ya maji. Neno lisiposemwa siku yake, mtu hulilipia kila siku inayofuata.

Nilikuwa nimefika hapa, nikitafuta namna ya kumaliza, ndipo Mama Merveille akabisha mlango. Alikuja kukutafuta. Nilimwambia umetoka. Alikaa kwenye kiti chako, akaona karatasi hizi, hakuuliza ni za nini. Akasema, "Papa Odile, ile neno nilimwambiaka mutoto wako siku ya mayi. Minye njo nilikuwa mama ya Merveille. Minye njo nilimuacha. Nimeshindwa kumwambia Odile miaka yote."

Alitaka nikuandikie mimi kwa niaba yake, kwa kuwa ameona nina kalamu. Nilimkatalia. Nilimwambia nimechoka na maneno yanayopita kwa watu wengine, na kwamba basi lako linaondoka asubuhi.

Atakuja kituoni, pamoja na Merveille. Nakuambia mapema usishtuke. Najua moyo wako, najua utataka kumpunguzia, utasema haraka haraka "haina neno, Mama," kabla hajafika katikati, na atashukuru, na itaishia hapo. Usifanye hivyo. Weka begi chini, umtazame.

Mwache amalize.

Mimi baba yako, niliyekuita.